Kilosa hadi Mikumi: Kabla ya kununua AC, tazama paa lako

Ukishuka kwenye treni ya SGR kituo cha Kilosa saa nane mchana mwezi Novemba, jambo la kwanza kukupokea si dereva wa bodaboda. Ni joto. Ndani ya behewa kulikuwa na kiyoyozi, watoto wamefunikwa kanga na wazee wamevaa sweta. Nje, hatua kumi tu kutoka mlangoni, shati limeshaganda mgongoni.

Kilosa iko bondeni, takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mto Mkondoa unapita pembeni mwa mji, na upande wa machweo imesimama milima ya Rubeho. Mwingereza Richard Burton, aliyeivuka milima hiyo mwaka 1857 akielekea Tanganyika, aliandika kuwa jina Rubeho lina maana ya upepo. Ni kweli kule juu kuna upepo na baridi. Huku bondeni, kuanzia Oktoba hadi Februari, watu wanautafuta upepo huo kwa kila njia: chini ya mwembe, barazani, na siku hizi kwenye maduka ya vifaa vya umeme.

Kwa wanaosoma ukurasa huu huku wakijenga, au wakihesabu vikoba vyao ili wanunue AC, safari ya kutoka Kilosa hadi Mikumi ina mafunzo mengi. Ndani ya wilaya hii moja utaona karibu kila njia ambayo Mtanzania hutumia kupoza nyumba na kuipasha joto. Zipo zinazofanya kazi, zipo zinazomaliza fedha bure, na ipo moja inayoua.

Nyumba za zamani zilijua

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na Kilosa ukawa mmoja wa miji iliyokua kwa sababu yake. Ukitembea karibu na majengo ya zamani ya serikali na ya reli utaona yanafanana. Kuta ni nene, dari liko juu, madirisha yanatazamana, na mbele kuna baraza pana linalozuia jua lisiguse ukuta. Waliozijenga hawakuwa na feni, kwa hiyo nyumba yenyewe ilibidi iwe feni.

Vuka barabara uone nyumba mpya. Paa ni bati la msauzi la rangi nyeusi au maruni, linapendeza. Baraza limefupishwa ili sebule iwe kubwa. Madirisha ni ya aluminiamu, yale ya kusukuma, ambayo hata ukifungua yote unapata nusu tu ya uwazi, kwa sababu kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Ndani, nyumba nyingi zimehamiwa kabla ya dari kuwekwa, na ukilala chali unahesabu kenchi.

Hapo ndipo joto linapozaliwa. Bati lililopigwa na jua la mchana huweza kuzidi nyuzi joto 60. Bati hilo hugeuka kuwa jiko lililoning'inia juu ya vichwa vya watu, likimwaga joto chini hata kama hewa ya chumbani si moto sana. Rangi nyeusi hunywa jua zaidi, rangi nyeupe au ya fedha hulirudisha. Jioni jua likizama, kuta za matofali zilizolinyonya joto mchana kutwa huanza kulitoa polepole. Ndiyo maana saa nne usiku nje kumepoa lakini chumbani bado ni tanuri.

Mwili unavyolipa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri joto la ndani ya nyumba lisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku wakati wa joto kali. Hiyo ya usiku ndiyo ngumu kwa watu wa bondeni, na ndiyo muhimu kwa afya. Mwili unapopumzika usiku unahitaji kushuka joto lake. Usiposhuka, moyo unaendelea kufanya kazi ya ziada ya kusukuma damu kwenye ngozi, usingizi unakatika, na kesho yake mtu anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Walio hatarini zaidi wanajulikana: wazee, wajawazito, watoto wachanga, na wenye magonjwa ya moyo, figo na kisukari. Kuna kundi jingine linalosahaulika, nalo ni wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo. Dawa hizo zinafanya kazi yake vizuri, lakini wakati wa joto kali mwili unapoteza maji kwa njia mbili, jasho na haja ndogo. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Amuulize daktari anywe maji kiasi gani.

Kilosa nilifikia kwa mama mdogo, anayeishi na babu yetu mwenye umri wa miaka themanini na kitu, ambaye naye anatumia dawa hizo. Babu huhamisha mkeka wake mara tatu kwa usiku mmoja, kutoka chumbani kwenda sebuleni, kutoka sebuleni kwenda barazani, ambako mbu wanamsubiri. Mama mdogo alikuwa ameuza ufuta na mahindi, akaweka fedha kando kwa ajili ya jambo hilo.

“Shikamoo mama,” nilimsalimu.

“Marahaba mwanangu. Wewe wa mambo ya afya, hebu niambie. Ninunue AC, babu yako alale?”

Swali lake ni la familia nyingi, na linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Hesabu ya luku

AC ndogo ya chumba, ile ya BTU 9,000, hutumia wastani wa nusu uniti hadi uniti moja kwa saa, kutegemea aina yake na joto la chumba. Ikiwashwa saa nane kwa usiku ni uniti 4 hadi 8. Kwa mwezi ni uniti 120 hadi 240.

Sasa tazama bei. Mteja wa nyumbani aliye kundi la D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizidisha, uniti za juu ya 75 hupanda hadi shilingi 350, na akiendelea hivyo huhamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Maana yake AC haileti gharama yake peke yake. Inapandisha bei ya taa, ya jokofu, ya televisheni na ya kuchaji simu. Kwa T1, AC hiyo peke yake ni kati ya shilingi 35,040 na 70,080 kila mwezi.

Feni ya juu au ya kusimama hutumia takribani wati 60. Ikizunguka saa kumi usiku mzima ni uniti 0.6, yaani uniti 18 kwa mwezi. Kwa D1 hiyo ni shilingi 1,800.

Feni haipozi hewa. Inachofanya ni kukausha jasho haraka, na jasho linapokauka ndipo ngozi inapopoa. Kwa sababu hiyo haina faida kuiacha ikizunguka kwenye chumba kisicho na mtu. WHO inashauri isitumike hewa ikifikia nyuzi 40, kwa kuwa hapo inamsukumia mtu joto badala ya kulitoa. Usiku wa Kilosa haufiki huko.

Dukani kuna kifaa cha tatu kinachowavutia wengi, kile cha kuweka maji ambacho wauzaji hukiita AC ya maji. Hakina kompresa. Kinapuliza hewa kupitia pamba iliyolowa, kwa kanuni ileile inayopoza maji ya mtungi. Wakati wa kiangazi hewa ikiwa kavu kinasaidia, dirisha likiwa wazi. Masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, kinaongeza unyevu na jasho halikauki. Tangi lake lisiposafishwa huota utelezi, na hakuna anayetaka kupuliziwa hewa hiyo usiku kucha.

Tulipomaliza hesabu, mama mdogo alinyamaza kidogo, kisha akatazama juu. Chumba cha babu hakikuwa na dari. AC katika chumba hicho ingekuwa sawa na kuchota maji kwa tenga: ubaridi unapotea huku bati likiendelea kumwaga joto. Fedha ile ikanunua mbao na silingi bodi kwa vyumba viwili, feni moja ya juu, wavu wa madirisha, na rangi nyeupe ya bati. Fundi alimaliza siku ya nne. Babu sasa halali barazani. Usiku mmoja mmoja analalamika kuwa feni ina kelele, na kwa mzee huyo, kulalamikia kelele badala ya joto ni habari njema.

Mwanya wa paa na mbu

Wavu katika orodha ile haukuwa pambo. Katika nyumba za bonde hili, joto na malaria hupitia mlango mmoja. Mwanya kati ya ukuta na paa ndio hutoa hewa moto, na ndio huohuo ambao mbu wanaoeneza malaria huutumia kuingia. Familia ikiziba kwa udongo au saruji, mbu wanapungua na joto linaongezeka. Joto likiongezeka, chandarua kinakuwa cha kwanza kutupwa pembeni, kwa sababu ndani yake upepo hupungua. Wahudumu wa afya wanaijua sababu hiyo: ukiuliza kwa nini mtoto hakulala ndani ya chandarua, jibu mara nyingi ni joto.

Suluhisho ni kuziba kwa wavu, si kwa udongo. Hewa ipite, mbu abaki nje. Mkoani Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 za ghorofa moja zenye kuta za wavu na vyumba vya kulala juu, ili kupima kama ujenzi wenyewe unaweza kulinda afya ya watoto dhidi ya malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa. Huhitaji kujenga ghorofa ili kuchukua wazo hilo. Wavu wa dirisha, wavu wa mwanya na feni inayoelekezwa kitandani hukifanya chandarua kivumilike.

Njia ya Ulaya na mkaa

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi barabara inaelekea kusini na kupita eneo linaloitwa Ulaya. Abiria wa daladala hawachoki kutania kuwa wamefika Ulaya bila viza. Ila hii ni Ulaya ya miombo, ya mahindi, na ya mkaa.

Vijiji vya huku, kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuingia katika mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012 chini ya shirika la uhifadhi wa misitu TFCG na mtandao wa MJUMITA. Kijiji hutenga sehemu ya msitu wake, huvuna kwa vitalu na kuviacha vingine vichipue, na ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji. Mapato hayo yamejenga madarasa na kugharamia huduma nyingine za wanakijiji. Magunia yanayopangwa kando ya barabara ndiyo yanayopikia chakula cha miji mingi.

Mkaa huohuo unapanda milimani, na huko ndiko habari ya joto inapogeuka. Vijiji vya Ukaguru, Rubeho na Vidunda vinapofika Juni na Julai hupata baridi ya kweli. Jioni jiko la mkaa linawashwa nje mpaka moshi uishe, kisha linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watoto wanalala.

Hii ndiyo njia inayoua. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, na watu hudhani hauna madhara. Lakini unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka mwilini bila kubeba oksijeni ya kutosha. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala hazioni. Kila msimu wa baridi vyombo vya habari nchini huripoti familia zilizokutwa zimekufa ndani, jiko likiwa katikati ya chumba. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, kisha mkimbize hospitali hata kama amezinduka.

Kupasha nyumba joto milimani hakuhitaji jiko chumbani. Dari linalozuia joto la bati bondeni ndilo linalozuia joto la watu lisipande na kupotelea kwenye bati mlimani. Mkeka au zulia sakafuni, pazia zito, blanketi mbili nyepesi badala ya moja, soksi na kofia kwa mtoto mchanga, na kwa mzee chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Hita ya umeme ya wati 1,000 hula uniti moja kila saa, kwa hiyo iwashwe kwa muda mfupi kabla ya kulala na kuzimwa.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Mjadala wake huwa jikoni. Ungefaa pia kuingia chumbani, kwa sababu kuna nyumba zinazopikia gesi lakini mwezi Julai jiko la mkaa bado linalala na watoto.

Mikumi, mji wa feni na AC

Mikumi hailali mapema. Ni mji wa barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, na ni njia panda ya kwenda Kidatu na Ifakara. Malori yanapanga foleni, nyama inachomwa, na kila gesti ina bei mbili ubaoni: chumba cha feni na chumba cha AC.

Lala katika vyote viwili utaona tofauti si mashine pekee. Zipo AC zinazonguruma usiku kucha bila kupoza kwa sababu chujio halijasafishwa kwa miezi, dirisha halifungi vizuri, au juu ya dari pembamba kuna bati jeusi. Vipo vyumba vya feni, chini ya mwarobaini na vyenye madirisha mawili yanayotazamana, ambako mtu analala hadi adhana ya alfajiri bila kujigeuza.

Hatua chache kutoka mjini inaanza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230. Wakati wa jua kali wanyama hawapotezi nguvu. Viboko wako majini, swala wako kivulini, na tembo anapunga masikio yake mapana yaliyojaa mishipa ya damu ili upepo uipoze damu kabla haijarudi mwilini. Kivuli, maji na upepo. Kambi nyingi za watalii zimefuata kanuni hiyohiyo: hema limewekwa chini ya paa la nyasi, na kati yake hewa inapita. Mgeni hulipa fedha nyingi kulala chini ya paa ambalo kijijini linachukuliwa kuwa dalili ya umaskini.

Simwambii mtu arudishe nyasi. Nyasi hushika moto, huhifadhi wadudu, na lazima ziezekwe upya kila baada ya miaka michache, wakati bati linakinga maji ya mvua ya kunywa. Kinachofaa kuchukuliwa ni lile wazo la paa mbili na hewa katikati. Bati juu, dari chini, na matundu yenye wavu kwenye pembe za paa ili hewa moto itoke.

Mpangilio wa matumizi

Kama unaanza msingi leo, ugeuze upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, kwa kuwa huku kwetu jua huchoma kuta za mashariki na magharibi. Upande wa magharibi weka baraza, choo, stoo au mti, si chumba cha kulala. Chagua bati la rangi ya mwanga na madirisha yanayofunguka yote. Mambo haya hayaongezi gharama kubwa, lakini ukishaezeka na kupiga plasta huwezi kuyabadilisha kirahisi.

Kama nyumba imeshasimama, fedha ya kwanza iende kwenye dari, ya pili kwenye wavu na matundu ya hewa, ya tatu kwenye feni, na kivuli cha mti kiwe kinakua wakati huohuo. Funga madirisha na mapazia upande wa jua mchana, yafungue yote jua likizama.

AC ije mwisho, na kwa sababu inayoeleweka: mgonjwa, mzee dhaifu, au mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Ukifika hapo, chagua ya inveta, inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka. BTU 9,000 inatosha chumba cha kulala cha kawaida chenye dari. WHO inashauri kuiweka nyuzi 27 na kuwasha feni pamoja nayo. Chumba kitahisiwa kama kimepungua nyuzi nne zaidi, na gharama ya umeme wa kupoza inaweza kushuka hadi asilimia 70. Safisha chujio kila mwezi.

Na siku ambayo umeme umekatika na bati linalia kwa jua, kumbuka kuwa mtu mwenye ngozi ya moto anayeanza kuchanganyikiwa au kupata degedege haugui uchovu. Mwondoe juani, mlowanishe maji, mpepee, na umkimbize kituo cha afya. Mtu mzima ambaye hajakatazwa na daktari anywe angalau kikombe kimoja cha maji kila saa, lita mbili hadi tatu kwa siku. Mtoto mchanga anyonye mara nyingi zaidi, na avuliwe lile sweta ambalo bibi amesisitiza avae.